Nyumba na Deni katika Nchi ya Mlima Elgon

Nyumba ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mtu mzima hujijengea, na ni ya mwisho ambayo hukubali kuiacha. Kwa sababu hiyo watu wa kila taifa na kila zama wamejitahidi kuilinda na mvua, na mnyama wa mwitu, na adui mwenye mkuki. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye havunji mlango wala haji usiku. Yeye hubisha hodi mchana kweupe, akiwa na karatasi mkononi, na chini ya karatasi hiyo imo saini ya mwenye nyumba mwenyewe. Mgeni huyo ni mdai. Makusudi ya insha hii ni kueleza jinsi nyumba ya mkulima wa nchi ya Mlima Elgon, kutoka Lwakhakha mpakani hata Kitale, ilivyopata kufikiwa na mkono wa mdai, na kinga zilizowekwa baadaye kuuzuia mkono huo.

Lwakhakha ni mji mdogo wa soko katika Bungoma, ukingoni mwa mto wenye jina hilo hilo. Mto huo hushuka kutoka Mlima Elgon, nao ni sehemu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Upande wa Kenya wengi wa wakazi ni Wabukusu. Upande wa Uganda ni Wagisu. Na lugha za watu hawa ni ndugu. Mashariki ya mlima iko Kitale, mji mkuu wa Trans Nzoia, ambao ulikua katikati ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Katika eneo hili dogo, msomaji anaweza kuona njia kadha wa kadha ambazo wanadamu wamezitumia kuimiliki ardhi, na hatari iliyofuatana na kila njia.

Zamani Wabukusu walizilinda nyumba zao kwa kuta. Walijenga ngome za udongo, walizoziita chingoba, zikazunguka kijiji kizima pamoja na watu na mifugo yao. Mwaka 1895 ngome za Lumboka na Chetambe zilishambuliwa na jeshi lililoongozwa na Waingereza, naye C. W. Hobley alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Kuta hazikuweza kushindana na bunduki, na ngome zikaanguka. Tangu siku hizo kijiji chenye ukuta kilianza kutoweka, watu wakatawanyika, kila mmoja akajenga katika shamba lake. Hata hivyo ukuta wa pili, usioonekana kwa macho, ulibaki umesimama. Ukuta huo ulikuwa mila ya ardhi.

Katika mila hiyo mtu alikuwa na haki ya kulima, kujenga, na kuwarithisha wanawe, lakini haki hiyo ilishikamana na ukoo wake. Madeni yalikuwapo, tena mengi. Watu walidaiana ng'ombe wa mahari, mbuzi, na nafaka zilizokopwa wakati wa njaa, na wazee waliketi barazani wakaamua nani alipe nini. Mdaiwa aliweza kunyang'anywa ng'ombe hata zizi likabaki tupu. Lakini mahali alipozikwa babu yake, na mahali watoto wake walipolala, hapakuwa bidhaa ya kulipia deni. Hata angetaka kupatoa, asingeweza kupatoa peke yake, maana ndugu na wazee wangeuliza. Haya tuyakumbuke: kinga ya nyumba katika mila haikuwa wema wa mdai, bali ilikuwa wingi wa watu waliopaswa kuulizwa.

Kwa walowezi wa Kitale mambo yalikuwa mbali kabisa. Wao walipewa ardhi kwa hati za Serikali, na hati ni kitu kinachoweza kuwekwa rehani. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na wengi walilima mahindi kwa fedha za kukopa. Bei ya mazao ilipoanguka duniani baada ya mwaka 1929, madeni yaliwalemea. Hapo Serikali ya ukoloni iliingia kati. Mwaka 1931 ilianzisha Benki ya Ardhi na Kilimo, ambayo iliwakopesha wakulima wa Kizungu ili wasipoteze mashamba yao. Mkulima Mwafrika hakuhesabiwa katika jambo hilo. Hakuwa na hati, na kwa hiyo hakuwa na cha kuweka rehani. Tena sheria za siku hizo ziliwawekea mipaka wafanya biashara wasio Waafrika katika kumkopesha Mwafrika na kumdai mahakamani. Sheria hizo zilisemwa kuwa ni za kumlinda, nazo zilimlinda kweli kwa kadiri fulani, lakini pia zilimfungia mlango wa mtaji. Mtu asiyeweza kukopa hawezi kufilisiwa, na pengine hawezi kuendelea pia.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1954, wakati nchi ilipokuwa katika hali ya hatari. Mwaka huo ulitolewa mpango wa R. J. M. Swynnerton wa kustawisha kilimo cha Waafrika. Mpango huo ulishauri kwamba vipande vya ardhi vikusanywe, vipimwe, na kila mwenye shamba aandikishwe na kupewa hati. Moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa hiyo ya mkopo: mwenye hati angeweza kukopa, akanunua ng'ombe wa maziwa na miche ya kahawa, akaboresha shamba. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, ilitungwa Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa, na katika miaka iliyofuata kazi ya kupima na kuandikisha ilienea katika Bungoma na sehemu nyingi nyingine za Kenya.

Hati ilileta faida ambazo hazikanushiki. Ugomvi wa mipaka ulipungua, na mkulima akaingia ofisi ya benki akiwa mtu wa kusikilizwa. Lakini katika daftari la msajili liliandikwa, kwa kawaida, jina moja, nalo mara nyingi lilikuwa jina la baba. Mke aliyelima shamba hilo hakuandikwa. Wana waliojenga humo hawakuandikwa. Mama mzee aliyekaa kando ya migomba hakuandikwa. Na sheria ilimtazama yule aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye mali. Katika kesi zilizoamuliwa mwaka 1972 na 1973, mahakama za Kenya zilisema kwamba kuandikishwa kulikuwa kumezima haki za mila za watu wengine juu ya ardhi hiyo. Ukuta wa pili ukabomoka hivyo, na safari hii hakuna bunduki iliyolia. Mtu mmoja sasa aliweza kufanya peke yake, kwa kalamu, jambo ambalo zamani lilihitaji ukoo mzima.

Wakati huo huo mikopo iliongezeka. Mwaka 1962 ulianza mpango wa ekari milioni moja, ambao Serikali ilinunua mashamba ya walowezi na kuwagawia Waafrika. Wabukusu wengi walihamia katika mashamba hayo, kama vile upande wa Ndalu na Tongaren. Lakini mashamba hayakutolewa bure. Kila aliyepewa kipande alipewa na deni lake, la kulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na hati yake ilishikwa hata deni limalizike. Mwaka 1963 pia lilianzishwa Shirika la Fedha za Kilimo, na mwaka 1969 likaichukua kazi ya ile benki ya mwaka 1931. Shirika hilo lilipewa na sheria uwezo wa kuliuza shamba la mdaiwa aliyeshindwa kulipa bila ya kwanza kwenda mahakamani. Mvua ikikosekana mwaka mmoja, au bei ya mahindi ikianguka, au fedha za kahawa zikichelewa, deni halikungoja. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Na si mkopo wa shamba pekee uliohatarisha nyumba. Wengine walitoa hati zao kumdhamini ndugu au rafiki aliyetaka kufungua duka au kununua gari. Mdhamini hakula fedha hizo hata senti moja. Lakini rafiki aliposhindwa, dalali alifika kwa mdhamini. Katika mambo ya namna hii, aghalabu mke alipata habari ya kwanza siku alipoona tangazo la mnada, au siku wageni walipokuja kulitazama shamba kabla ya kulinunua. Yeye hakukopa, hakusaini, wala hakuulizwa. Lakini sufuria zake ndizo zilizotolewa nje.

Je, nchi nyingine zilifanya nini mbele ya hatari hiyo? Yafaa tutazame mifano miwili. Wa kwanza ni wa Texas, ambayo ilikuwa jamhuri ya peke yake kabla ya kuungana na Marekani. Mwaka 1839, baada ya msukosuko mkubwa wa fedha wa mwaka 1837, Texas ilitunga sheria kwamba makao ya mwananchi, yaani ekari 50 za shamba au kiwanja kimoja cha mjini, yasichukuliwe na wadai wa kawaida. Sheria hiyo iliwavuta wahamiaji wengi, na majimbo mengine ya Marekani yaliiga mfano wake. Njia hii ni ya kuiondoa nyumba kabisa katika mizani ya deni.

Mfano wa pili ni wa karibu nasi, katika kisiwa cha Unguja na kile cha Pemba. Huko wenye mashamba ya karafuu waliweka mashamba yao rehani kwa wafanya biashara, wengi wao Wahindi, na bei ya karafuu iliposhuka, mashamba mengi yakawa karibu kupotea. Mwaka 1934 Serikali ya Zanzibar ilipiga marufuku mashamba ya Waarabu na Waafrika kuhamishwa kwa watu wa jamii nyingine bila ya kibali, ikasimamisha kwa muda ulipaji wa madeni. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Sheria za biashara ya karafuu zilipoongezwa juu yake, wafanya biashara wa Kihindi waliigomea karafuu ya Zanzibar mwaka 1937, na India ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu hiyo. Ilibidi mapatano yafanyike mwaka 1938, na sheria mpya ya kusuluhisha madeni ikatungwa. Funzo la Zanzibar ni kwamba Serikali yaweza kuuzuia mkono wa mdai kwa amri, lakini amri inayogawa watu kwa asili zao huzaa uhasama, na mdai aliyenyimwa haki yake hutafuta njia nyingine ya kulipiza.

Kenya haikufuata njia ya Texas. Sheria yake ya mashauri ya madai inaviepusha vitu fulani visikamatwe kwa deni lililoamuliwa na mahakama: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za kazi za fundi, na theluthi mbili za mshahara wa mwajiriwa. Nyumba haimo katika orodha hiyo. Njia ambayo Kenya iliifuata, polepole na kwa miaka mingi, ilikuwa kuwarudisha wale mashahidi waliofutwa na hati.

Hatua ya kwanza ilikuwa Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967. Kwa sheria hiyo, shamba lililo katika eneo lililotangazwa halikuweza kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ya kibali cha Bodi ya Ardhi, na mapatano yasiyo na kibali yalikuwa batili. Wajumbe wa Bodi waliketi mbele ya mwombaji kama wazee walivyoketi zamani. Katika sehemu nyingi ikawa desturi kumtaka mume aje na mkewe, na pengine na watoto wake wakubwa, ili waulizwe kama wanaijua habari hiyo. Wako waliokwepa, na wako walioleta mwanamke mwingine wakasema ndiye mke. Lakini mashamba mengi yaliokolewa kwa swali hilo moja tu: Mama, unajua?

Hatua ya pili ilikuja baada ya Katiba ya mwaka 2010. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ilisema wazi kwamba rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu isipokuwa mume na mke wote wawili wamekubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikaongeza kwamba ukubali huo uwe wa maandishi, tena wa mtu aliyeelewa anachokubali. Hivyo saini ya pili, iliyokosekana kwa miaka mingi, ikawa sharti. Mwaka 2018 nayo Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haki za watu wa nyumba zilizotokana na mila zaweza kuendelea kuishi chini ya hati yenye jina la mtu mmoja, iwapo ithibati ipo kwamba aliishika kwa niaba yao.

Hatua ya tatu ilihusu mwendo wa mdai mwenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkopeshaji mwenye rehani hawezi kuamka asubuhi akauza. Mdaiwa akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, hana budi kupelekewa ilani ya maandishi, inayotaja kiasi kinachodaiwa na kumpa muda usiopungua miezi 3 wa kulipa. Muda huo ukipita, inatakiwa ilani ya pili ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza, na nakala yake apewe mke au mume aliyeikubali rehani. Kabla ya mnada mthamini apime thamani ya mali, na mkopeshaji ajitahidi kupata bei iliyo bora. Na mpaka mali iuzwe, mdaiwa ana haki ya kulipa deni na kuikomboa. Tena, tangu mwaka 2007 sheria ya benki inakataza faida ya mkopo uliokwama kuzidi kiasi cha deni lenyewe lililobaki wakati ulipokwama. Zamani deni la shilingi elfu kumi liliweza kukua kama mbuyu. Sasa limewekewa kimo.

Ng'ambo ya mto mambo yalifuata njia nyingine yakafika karibu na pale pale. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikubali umilikaji wa mila kuwa umilikaji kamili, na ardhi nyingi ya Wagisu imeshikwa kwa njia hiyo, bila ya hati ya msajili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ilikataza ardhi ambayo familia hukaa na kujipatia riziki kuuzwa au kuwekwa rehani bila ya ukubali wa mke au mume, na Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 ikarudia sharti hilo kwa nyumba ya ndoa. Wenyeji wa pande mbili za Lwakhakha wana serikali mbili na sheria mbili. Lakini sheria zote mbili zimekiri jambo ambalo babu zao walilijua, kwamba nyumba ya wengi haifai kutolewa na mmoja.

Hata hivyo msomaji asidhani kwamba ukuta huu mpya haupitiki. Sheria humlinda aliye macho. Mke anayetia saini karatasi asiyoisoma, kwa hofu au kwa haya, amefungua mlango uliokuwa umefungwa. Mtu anayepelekewa wito wa mahakama akauficha chini ya godoro hajalikwepa shauri. Mahakama yaweza kutoa hukumu bila ya yeye kusikilizwa, na hukumu hiyo yaweza kuifikia ardhi yake. Anayeshtakiwa na ajibu katika siku zilizotajwa, hata kama jibu lake ni kukiri na kuomba alipe kidogo kidogo. Na mwenye haki katika shamba ambalo jina lake halikuandikwa aweza kwenda kwa msajili wa ardhi na kuomba zuio liandikwe, ili lisihamishwe pasipo yeye kujua.

Yako pia mashauri mabaya ambayo hutolewa sokoni kwa sauti ya chini: andikisha shamba kwa jina la shemeji, kisha mwambie mdai kwamba huna kitu. Huo si ulinzi. Mahakama ina uwezo wa kuubatilisha uhamisho uliofanywa kwa nia ya kuwapunja wadai, na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 imeeleza jambo hilo. Tena aliyeikimbiza nyumba kwa shemeji huenda akaona shemeji ameipenda. Zaidi ya hayo, mdai naye ni mtu. Mara nyingi ni jirani, au chama cha ushirika chenye akiba za wakulima wengine, na fedha anazodai zimetoka jasho la mtu. Kinga ya haki ni ile inayomzuia mdai asile zaidi ya haki yake, wala haiwi ile inayomnyima haki yenyewe. Dawa ya deni ni kulipa.

Ngome za Chetambe zilijengwa kwa udongo, na udongo umerudi ardhini. Ukuta wa mila ulijengwa kwa maneno na ukaaji wa pamoja, na hati zikauvunja. Ukuta wa leo umejengwa kwa maswali: bodi iulize, msajili aulize, benki iulize, mke amwulize mume na mume amwulize mke. Vijana wanaosoma shuleni leo ndio watakaowekewa karatasi hizo mbele yao kesho, wakiwa wenye mashamba, au wadhamini, au makarani upande wa pili wa meza. Na waisome karatasi yote, tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho, na wawaite watu wote wanaolala ndani ya nyumba hiyo waisikie, kabla ya kuigusa kalamu.